Watoto wa dada wanakuja Mombasa wakati wa vuli: tuwaandalie shughuli na mapishi gani?

Mama wa Tudor (ameanzisha mada)

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Mombasa na wote mnaoipenda pwani hii. Dada yangu anaishi Leicester, Uingereza, na mwaka huu ameamua kuja na wanawe wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka kumi, katika likizo fupi ya shule ambayo huko kwao huangukia mwishoni mwa Oktoba. Watoto hao wamezoea kwamba wakati huo majani ya miti hugeuka manjano na mekundu kisha hupukutika, giza huingia mapema, shuleni hutengenezwa mapambo ya karatasi na majani makavu, na nyumbani hupikwa supu nzito ya boga na keki za matufaha zenye mdalasini. Yule mdogo alimwuliza mama yake kama Mombasa nayo ina majira ya namna hiyo, akajibiwa kwamba kwetu ni joto tu, Januari hadi Desemba.

Jibu hilo limeniuma, kwa sababu mimi nimekulia hapa na ninajua kwamba upepo wa kusi ukishatulia na ule wa kaskazi ukiwa bado haujashika, mji hubadilika. Bahari hulala, mawingu hukusanyika, mvua za vuli huanza, na jikoni kwetu mapishi huwa si yale ya wakati wa jua kali. Ningependa watoto hawa wayaone hayo na kuyafurahia, wasije wakakaa juma zima mbele ya televisheni wakingojea mvua ikatike ili wapelekwe ufukweni.

Kwa hiyo ninaomba msaada wenu katika mambo matatu. Ni kazi gani za mikono za kwetu ambazo mtoto anaweza kuzianza na kuzimaliza katika siku chache? Ni vyakula gani vinavyofaa siku ya mvua, ambavyo watoto wasiozoea pilipili wanaweza kuvila? Na je, kuna sherehe yoyote ya kipindi hiki? Dada yangu amependekeza tuchonge maboga na kuyatia mishumaa, kama wafanyavyo wao usiku wa tarehe 31 Oktoba, nami sijui kama jambo hilo linafaa nyumbani kwetu.

---

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Aleikum salaam, mwanangu. Nimefurahi kuona kwamba umeanza na kazi za mikono, kwa sababu mvua ndiyo iliyotufundisha sisi kusuka. Tulipokuwa wasichana, siku ambazo hakuna kutoka nje zilikuwa siku za kukaa barazani, au ukumbini mvua ikipiga upepo, kila mmoja na fungu lake la miaa, na mkubwa mmoja akihadithia. Tena kuna sababu ya kazi yenyewe: jani likikauka mno huvunjika mkononi, lakini hewa ya vuli ina unyevu, na jani hubaki laini likikubali kupinda.

Wafundishe ukili, yaani msuko bapa wa majani. Kwanza uamue ni jani gani utakalolitumia. Ukindu ni laini, na ndio unaosukiwa mikeka mizuri ya kulalia na misala ya kuswalia. Miaa ni migumu zaidi, nayo hufanyiwa makapu na majamvi. Kwa watoto mimi ningechagua ukindu uliokwisha kuanikwa na kuchanwa, kwa kuwa kuchana ni kazi ya kisu na ya jicho lililozoea, na jani lisilokuwa na upana mmoja litawapa ukili uliopindapinda, nao watadhani kosa ni la mikono yao. Uroweke kidogo kabla ya kuanza, kisha uufunge katika kitambaa kibichi ili usikauke wakati wanajifunza.

Waanze na ukili mwembamba wa nyuzi chache. Anayejua kusuka nywele ameshapata nusu ya kazi, tofauti ni kwamba ukili lazima ubaki bapa na kingo zake ziwe sawa. Jani likikaribia kuisha, jipya huchomekwa chini ya lile la zamani, wala halifungwi fundo. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa hiyo kaa nao karibu. Usiwaahidi mkeka. Mkeka hutokana na ukili mrefu sana unaoshonwa ubavu kwa ubavu, na hata mtu mzima aliyezoea huuchukulia majuma. Waambie kwamba kila mmoja atatengeneza kitako cha kuwekea kikombe au sahani: ukili huzungushwa kuanzia katikati kwenda nje na kushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, na uzi mgumu. Mtoto wa miaka kumi ataweza hata kujaribu kawa ndogo ya kufunikia chakula, ambayo kazi yake ni hiyo hiyo ila mzunguko unainuliwa pole pole mpaka ukawa na kilele.

Yule mdogo akichoka, mpe ukuti wa mnazi umfundishe kutengeneza kititia. Kinamalizika upesi, kinazunguka kwa upepo wa baharini, na atakimbia nacho uani mpaka aridhike. Na jioni, ikiwa jirani ana mti wa asmini, wape sindano na uzi watunge maua yanapoanza kufunguka. Asmini zilizotungwa na mtoto wa kike kwa ajili ya mama yake, zikawekwa nyweleni au chini ya mto, ni zawadi ambayo sijaona mfano wake katika maduka.

---

Mpishi wa Kuze

Nashukuru kwa mada hii. Mimi ninapika kwa riziki, na ninaweza kuona kwa jinsi watu wanavyonunua kwamba mvua zikianza, nazi inatakiwa zaidi na maji ya barafu yanatakiwa kidogo.

Kwa kuwa wageni wako wamezoea boga, anza hapo hapo. Boga la nazi ni chakula cha watoto tangu hapo, halina pilipili, na ukilipika vizuri halina haja ya kusifiwa na mtu. Nunua boga lililokomaa, lenye nyama ya rangi ya chungwa iliyoiva, Marikiti au Kongowea, ukiomba likatwe ulione ndani kabla ya kulipa. Limenye, likate vipande vikubwa kiasi, ulichemshe katika tui jepesi pamoja na sukari, iliki iliyopondwa na chembe ya chumvi. Likishaiva na maji yamepungua, tia tui zito, upunguze moto, na usifunike sufuria wala usikoroge kwa nguvu, kwa sababu tui likichemka ovyo hukatika na boga hupondeka. Linaliwa likiwa vuguvugu, na wengine hulipenda zaidi asubuhi ya pili. Ninawasihi msilitie maziwa ya mkebe. Watoto wakune nazi wenyewe, mtu mzima akiwa karibu maana meno ya mbuzi ni makali, kisha wakamue tui kwa kifumbu. Furaha ya chakula hiki iko pia katika kukiandaa.

Kwa asubuhi ya mvua hakuna kinachoshinda mahamri na mbaazi za nazi, na mbaazi unaweza kuzipika bila pilipili kisha wakubwa wakajiongezea. Mahamri yaumuke usiku, yatiwe iliki na tui ndani ya unga, na watoto waachiwe kazi ya kusukuma na kukata, ambayo huipenda mno. Alasiri pika kaimati au vibibi. Kaimati zinafaa zaidi kwa sababu mtoto anaona tonge la unga likitumbukia mafutani, likavimba, likageuka rangi, kisha likaingizwa katika shira. Ila mafuta yasimamiwe na mtu mzima peke yake. Chai iwe ya maziwa na tangawizi, nayo tangawizi ipondwe papo hapo.

Usiku wapeni muhogo wa nazi au ndizi za nazi pamoja na samaki wa kukaanga. Ninajua wengine watataja biriani na pilau, lakini hivyo ni vyakula vya watu wengi na vya shughuli, navyo havina uhusiano na mvua. Chakula cha vuli ni cha sufuria moja, kinachoiva taratibu na kuliwa na watu wachache waliokaa karibu.

Kuhusu maembe, waambie ukweli kwamba huenda wakaondoka kabla ya msimu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba mengi huwa bado mabichi. Hata hivyo embe bichi lililokatwa vipande na kutiwa chumvi, pilipili ikiwa kidogo sana, ni jambo ambalo kila mtoto wa Mombasa amelila akitoka shule, nao hawana budi kulionja.

---

Mwalimu wa Likoni

Ninaomba nichangie kuhusu majani na kuhusu maboga, kwa kuwa ninafundisha watoto wa rika hilo.

Majani ya Uingereza hupukutika kwa sababu ya mwanga na baridi. Leicester iko mbali kaskazini mwa ikweta, hivyo mchana wa Juni hukaribia saa 17 na mchana wa Desemba hushuka chini ya saa 8. Mti unapohisi kwamba mwanga unapungua huacha kutengeneza klorofili, kile kijani kinatoweka, na rangi ya manjano iliyokuwa imefichika ndani ya jani huonekana; baadaye jani hukatika kwenye shina lake ili mti usipoteze maji wakati wa baridi kali. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na tofauti baina ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima ni takriban nusu saa. Ndiyo maana miti yetu mingi haina sababu hiyo ya kuvua majani yote kwa pamoja. Waelezeni watoto jambo hili mkiwa nje, na muwaonyeshe kwamba mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini kabisa, jambo ambalo Leicester halitokei hata siku moja.

Lakini tusiseme kwamba hatuna majani mekundu. Tunao mkungu. Majani yake makubwa hugeuka rangi ya chungwa, nyekundu na hudhurungi kabla ya kudondoka, na chini ya mkungu wowote wa zamani hapa mjini utayakuta yametandaa ardhini. Wape watoto kikapu wayaokote, wayakandamize ndani ya magazeti chini ya vitabu vizito yapate kukauka yakiwa bapa, kisha wayatunge kwenye uzi au wayagandishe kwenye karatasi ngumu. Kwa kuwa vuli ina unyevu, magazeti yabadilishwe kila siku, la sivyo majani yatashika ukungu. Wanafunzi wangu hufanya kazi hii kwa utulivu ambao siupati katika somo jingine lolote, nao huanza wenyewe kulinganisha umbo la jani hili na lile bila kuambiwa.

Sasa maboga. Ninaona si vibaya kuchonga moja, nami nitatoa sababu. Desturi hiyo ina mizizi Ireland na Scotland, ambako watu walichonga taa kutoka katika tanipu, yaani kiazi cha mzizi kinachofanana na figili kubwa. Wahamiaji walipofika Marekani walikuta maboga, ambayo asili yake ni bara hilo, wakaona ni makubwa na rahisi kuchonga, wakaacha tanipu. Desturi yenyewe, basi, imekuwa ikitumia kilichopo mahali ilipo. Mchonge boga la Kongowea, nyama mnayoitoa ndani apelekewe mama aipike kwa nazi, na mbegu zikaangwe kwa chumvi. Kitu ambacho ningekataa ni kulinunua boga, kulichonga na kulitupa.

---

Mstaafu wa Bandari

Ninamheshimu sana Mwalimu na ninakubaliana naye kuhusu mkungu. Kuhusu boga la kuchongwa nina maoni tofauti. Watoto hawa wataliona boga hilo kwao kila mwaka wa utoto wao, ilhali Mombasa wanaijia kwa siku chache. Kila saa mtakayoitumia kuiga usiku wa huko ni saa iliyopotea ya kuona yaliyo hapa, na yaliyo hapa ni mengi kuliko tunavyodhani sisi tulioyazoea.

La kwanza ni upepo. Kipindi watakachofika, kusi iliyovuma tangu Aprili inakuwa imeishiwa nguvu, na kaskazi haijasimama. Katikati huja matlai, upepo mwororo usio na haraka, na bahari ambayo miezi michache nyuma ilikuwa ikipiga miamba kwa hasira inakuwa imelala. Ni upepo huu uliopanga maisha ya mji wetu kwa karne nyingi: majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na India yaliletwa na kaskazi, yakarudishwa na kusi, na baina ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa, wakafanya biashara, wakaoa. Mtoto akisimama kando ya bahari pale Mama Ngina, kule kwenye mibuyu, akaambiwa ainue kititia chake kila jioni na aandike kinaelekea wapi, ataweza kuona mwenyewe upepo ukibadilika mwelekeo. Hilo ndilo badiliko la majira kwetu, na halihitaji pambo.

La pili ni hesabu. Wazee wetu hawakutumia mwezi peke yake. Walikuwa na mwaka wa jua ulioanza Nairuzi, yaani siku yao ya mwaka mpya, wakauhesabu kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, mpaka zikatimia siku 365. Mkulima alijua mwongo wa kupanda na baharia alijua mwongo wa kusafiri. Siku hizi Nairuzi huangukia nusu ya pili ya Julai, na kwa hiyo siku ya mia huwa kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, wakati ule ule wa mvua za vuli. Watengenezeeni watoto ubao wa miongo wenye kokoto kumi kumi, wauanze wakiwa hapa na kuuendeleza watakaporudi Leicester.

Umeuliza kuhusu sherehe. Idi na Maulidi hufuata mwezi, hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa jua, na kwa hiyo haziwezi kufungwa na vuli. Huenda zikaangukia hapo mwaka mmoja na zikahama. Tarehe 20 Oktoba ni Siku ya Mashujaa, ila wageni wako watakuwa bado hawajafika. Sherehe inayokaa karibu na wakati huo kila mwaka ni Diwali ya ndugu zetu Wahindu, ambayo huwa kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, na ikiwa itawakuta hapa, tembeeni usiku mzione taa za udongo zilizopangwa milangoni. Ikiwa mna jirani anayeisherehekea, atafurahi sana kuona watoto wakija kumpa mkono wa heri.

Siku ambayo mvua itakatika alasiri, wapeleke wanywe supu ya pweza kwa wale wauzao jioni kando ya barabara. Bahari ikitulia, wavuvi wa miambani hupata pweza kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kikombe hicho nacho ni cha majira. Wakubwa wamalizie kwa kahawa chungu ya tangawizi kutoka kwenye dele, na kashata mkononi. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iwekeni siku ya manyunyu, kwani vyumba vya makumbusho vina paa na wageni huwa wachache.

---

Mama wa Tudor

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Nimemsomea dada yangu majibu haya kwa simu, naye amenyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba alikuwa amemsahau mkungu uliokuwa nyuma ya shule yetu.

Tumeamua hivi. Boga litanunuliwa moja, litapikwa lote kwa nazi, na yule mdogo ataruhusiwa kuchora uso juu ya ganda kabla ya kumenywa; ninatumaini Mwalimu na Mzee wa Bandari wote watakuwa radhi. Ubao wa miongo tutautengeneza siku watakapofika. Supu ya pweza nitawapa, ingawa sina hakika kama watakubali.

Nina swali moja lililobaki, nalo ni kwa Bi Mkubwa. Watoto wangependa vitako vyao viwe na rangi, si rangi ya jani peke yake. Je, kutia rangi ni kazi ambayo ninaweza kuifanya nyumbani, au ninunue ukindu uliokwisha kupakwa?

---

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Fanya nyumbani, mwanangu, kwa sababu hiyo ni sehemu ambayo watoto huiona kama muujiza. Nunua rangi ya unga ya kusukia, ambayo huuzwa kwa vipimo vidogo, na uchague mbili tu, nyekundu na kijani au nyekundu na zambarau. Ukili wa rangi nyingi mikononi mwa anayejifunza huchanganyikiwa na haupendezi.

Chemsha maji katika sufuria kuukuu ambayo hutaipikia tena, tia rangi pamoja na chumvi kidogo, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Fungu la ukindu lifunge kwa kulegeza katikati, ulitumbukize lote, na uligeuze mara kwa mara ili rangi ifike kila jani. Likishashika sawasawa liopoe kwa kijiti, ulisuuze katika maji baridi mpaka maji yatoke safi, kisha ulianike kivulini. Usilianike juani, rangi itapauka upande mmoja. Wakati wa vuli halitakauka siku hiyo hiyo, kwa hiyo kazi hii uifanye mapema kabla wageni hawajafika, na ubakishe fungu moja dogo la kutia rangi mbele yao ili waone.

Watakaposuka, waweke nyuzi mbili za rangi kwa kila nyuzi mbili nyeupe, na wasizibadilishe mahali. Mstari utajitokeza wenyewe. Na shazia, ukikosa dukani, njoo Kibokoni uulize kwa akina mama wanaoshona mikeka. Utaazimwa, urudishe ukimaliza.